Nani Ataamua Kwamba Ardhi Imepona? Kutoka Makaa ya Sur hadi Machimbo ya Bamburi

Mwezi wa Septemba uliopita chama chetu kilifunga safari ya Ras al Jinz kwenda kutazama kasa. Tulikuwa wanafunzi 11 katika basi dogo, wengine wa Sur, wengine wa Ibra na wawili wa Nizwa, sote tuliolelewa katika nyumba ambazo Kiarabu husemwa sebuleni na Kiswahili husemwa jikoni. Usiku mwongozaji alitukalisha mchangani, akatukataza taa na kelele, tukamwona kasa mmoja akifukua shimo kwa mapezi yake. Kasa hutaga mayai 100 hivi kwa mara moja. Mmoja wetu akauliza kwa sauti ya chini, "Mnajuaje kama hifadhi hii imefaulu? Mnahesabu watoto wanaoingia baharini?"

Mwongozaji alitikisa kichwa. Alisema wanaoingia baharini ni wengi, lakini wengi wao huliwa. Kasa jike hurudi kutaga kwenye pwani aliyozaliwa au karibu nayo, na humchukua miaka 20 au 30, pengine zaidi, mpaka apevuke. "Hifadhi ilitangazwa mwaka 1996," alisema. "Waliozaliwa mwaka ule ndio kwanza wanaanza kurudi. Hao ndio watakaotujibu."

Asubuhi, tukiwa njiani kurudi, tulipita mahali palipowahi kuchimbwa kokoto. Shimo lilikuwa limefukiwa, na juu yake ilipandwa mistari mitatu ya miti, kila mti na mpira wake mweusi wa maji. Mmoja wetu akasema, "Hapa wamefaulu, tazameni kijani kile." Mwenzetu wa Nizwa, ambaye babu yake ana zamu ya maji katika falaji na anajua mtende ulionyimwa maji unakuwaje, akamjibu, "Fungeni maji mwaka mmoja tu, halafu tuzungumze." Ubishi ulianza hapo, ukatufikisha Ibra.

Ibra tulikaribishwa chakula na bibi wa mmoja wetu. Tulimpa shikamoo, akatuitikia marahaba, akatupakulia wali wa nazi huku akisikiliza zogo letu. Bibi alizaliwa Pemba katika shamba la karafuu. Baada ya 1964 familia yake ilikimbilia Mombasa, na katika miaka ya 1970 ikahamia Oman. Aliposikia habari ya shimo alicheka. "Mimi nimeliona shimo Mombasa, kubwa kuliko mtaa wenu huu. Jeupe, linaumiza macho. Sasa mnaniambia eti ndani yake kuna msitu na viboko."

Makala hii imetokana na ubishi ule. Swali letu ni hili: ardhi ikichimbwa, kisha ikapandwa tena, nani ana haki ya kusema kwamba imepona, na anatumia kipimo gani? Tutaanza kwetu, kwa makaa ya mawe ya Sur, kisha twende Marekani ambako kipimo kiliandikwa katika sheria, halafu Mombasa kwenye shimo la Bibi, na mwisho turudi Sharqiyah.

Ahadi ya mwaka 1902

Wengi hushangaa wakisikia kwamba bara ya Sur kuna makaa ya mawe. Yapo katika mabonde ya upande wa Al Kamil, na habari zake zilijulikana tangu zamani. Mwisho wa karne ya 19 makaa yalikuwa na thamani ya mafuta ya leo, kwa sababu meli za moshi hazikwenda bila hayo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga mizinga jumba la Sultani Unguja kwa muda usiofika saa moja. Manowari zile hazikufika kwa upepo wa kaskazi wala wa kusi, zilifika kwa makaa. Kwa hiyo kila dola ilitafuta mahali pa kuyaweka. Mwaka 1898 Wafaransa walipewa na Sultani Faisal bin Turki mahali pa kuweka makaa yao Bandar Jissah, karibu na Muscat. Februari 1899 Waingereza walimlazimisha Sultani aifute ruhusa hiyo, na manowari zao zikiwa bandarini.

Ni katika hali hiyo ndipo, mwaka 1902, Sultani Faisal alipotoa ahadi ya maandishi kuhusu makaa ya Sur. Alikubali kwamba hataruhusu dola wala kampuni yoyote kuyachimba kabla ya kuiarifu serikali ya Uingereza, ili nayo, ikipenda, ishirikiane naye katika kazi hiyo.

Sisi tulipoijadili ahadi hii katika mkutano wa chama, kilichotugusa ni kile kisichokuwamo. Inashughulika na nani atachimba na nani ataarifiwa kwanza. Haishughuliki na mwenye mbuzi, wala mwenye kisima, wala mti wa samur ambao watu wa bonde hukaa chini yake adhuhuri. Haisemi shimo litakuwa la nani siku makaa yakiisha. Hatusemi hivi kuwahukumu watu wa zamani kwa macho ya leo, maana wakati ule swali hilo halikuwa na nafasi katika mikataba ya namna hii. Tunasema tu kwamba historia ya ardhi iliyochimbwa huanza kwa karatasi, na katika karatasi ya kwanza ardhi yenyewe huwa haimo.

Ahadi ile haikuzaa mgodi wa Waingereza. Makaa yalibaki chini, na baadaye meli zikahamia kwenye mafuta. Lakini meli za moshi zenyewe zilikuwa zimekwisha kuwapunguzia kazi manahodha wa Sur, waliokuwa wakisafiri na majahazi mpaka Lamu, Mombasa, Unguja na Rufiji. Hivyo makaa yalitudhuru hata bila kuchimbwa kwetu. Kama yangechimbwa, leo tungekuwa tukiuliza swali la basi dogo: je, bonde limepona?

Sheria iliyopima majani

Nchi iliyolazimika kulijibu swali hili kwa kina ni Marekani. Huko, hasa katika milima ya Appalachia, makampuni yalichimba makaa kwa kukwangua juu ya ardhi, yakachukua yaliyotaka, yakaondoka. Udongo uliporomoka mitoni na maji yakawa makali. Mwaka 1972, katika bonde la Buffalo Creek, West Virginia, bwawa la mabaki ya makaa lilibomoka likaua watu 125. Hasira za miaka ile zilichangia kuzaliwa kwa sheria ambayo Rais Jimmy Carter aliitia saini tarehe 3 Agosti 1977.

Sheria hiyo ilimtaka mchimbaji aweke dhamana ya fedha kabla ya kuanza, na alirudishiwa kidogo kidogo. Akisharudisha umbo la ardhi, aliweza kupata mpaka asilimia 60. Sehemu nyingine alipata mimea ikishashika. Iliyobaki ilingoja mpaka muda wa uangalizi uishe. Hapo ndipo walipohitaji kipimo, kwa sababu palipo na fedha neno "nzuri" halitoshi. Nzuri kiasi gani, na kwa macho ya nani?

Jibu lao lilikuwa kulinganisha. Wanachagua kipande cha jirani ambacho hakikuchimbwa, au wanaweka kiwango kilichokubaliwa, kisha wanapima vyote viwili. Hutandika kamba ndefu chini, na kila baada ya hatua fulani hutazama kamba imegusa nini: jani, jiwe, au udongo mtupu. Sehemu za kupimia huchaguliwa kwa bahati nasibu, ili mchimbaji asiwapeleke wakaguzi mahali pake pazuri tu. Uoto wa ardhi iliyochimbwa unatakiwa ufikie angalau asilimia 90 ya kiwango kile. Kama kipande cha jirani kimefunikwa na mimea asilimia 40, basi kilichochimbwa kinatakiwa kifike 36.

Halafu kuna muda. Mahali penye mvua ya zaidi ya inchi 26 kwa mwaka, yaani kama milimita 660, mchimbaji hubaki na jukumu kwa miaka 5 kamili. Mahali pakavu zaidi ni miaka 10. Na miaka hiyo huanza kuhesabiwa baada ya mara ya mwisho ya kupanda, kutia mbolea au kumwagilia. Ukirudi na maji yako, saa inaanza upya. Mwenzetu wa Nizwa alipolisoma hili alifurahi mno, tukamwachia siku nzima ajisifu.

Lakini historia haikuishia hapo, na sehemu hii ndiyo iliyotufunza zaidi. Kwa kuwa sheria ilitaka ardhi itulie na ifunikwe upesi, makampuni yalishindilia udongo kwa mashine nzito na kupanda nyasi kali zinazokua haraka. Kamba ilipotandikwa iligusa majani kila mahali, dhamana zikarudishwa. Miaka ikapita, na milima iliyokuwa misitu ikabaki nyasi na vichaka. Mbegu za miti ya asili zilianguka lakini hazikuweza kupenya udongo ulioshindiliwa, na zilizoota zilisongwa na nyasi. Mwaka 2004 serikali ya Marekani na majimbo ya Appalachia yalianzisha mpango wa pamoja wa kuwashawishi wachimbaji waache udongo ukiwa laini, wapunguze nyasi kali, na wapande miti ya asili.

Kwa maoni yetu, hakuna aliyedanganya katika kisa hiki. Watu walipanda kile kilichopimwa. Anayeandika kipimo ndiye anayechagua kitakachoota, hata kama hajashika jembe.

Shimo la Bibi

Sasa twende Mombasa. Machimbo ya Bamburi si ya makaa. Ni ya mawe ya matumbawe ya kale, yanayosagwa na kuchomwa kuwa saruji. Kiwanda kilianza kuzalisha mwaka 1954. Lakini kwa swali letu ni mfano bora kuliko mingi tunayoijua katika nchi zinazosema Kiswahili, kwa sababu una umri. Tanzania ina migodi ya makaa Kiwira na Ngaka, na Sheria yake ya Madini ya mwaka 2010 nayo inataja dhamana ya kukarabati ardhi, ila hukumu ya kazi hiyo bado iko mbele. Bamburi imekwisha kupita miaka 50.

Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ile, alianza kujaribu kupanda miti ndani ya shimo. Hapakuwa na udongo. Chini palikuwa mwamba mweupe uliorudisha joto la jua usoni, na maji ya karibu yalikuwa na chumvi. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu tu: mnazi, mvinje, na mti uitwao kwa jina la kitaalamu Conocarpus lancifolius. Huu wa tatu tuliutambua mara moja, kwa sababu ndio damas wetu, unaopandwa kandokando ya barabara hapa Oman. Asili yake ni Somalia na ng'ambo yake Yemen.

Mvinje ndio uliobeba kazi. Mizizi yake huishi pamoja na vijidudu vinavyoipatia naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hukua hata mahali maskini. Baada ya miaka michache shimo lilikuwa kijani. Kama mkaguzi angekuja na kamba yake siku ile, angeandika "limefaulu" akaenda zake.

Lakini Haller aliona kasoro. Majani ya mvinje, yale membamba kama sindano, yalianguka yakarundikana bila kuoza. Hapakuwa na kitu cha kuyala. Miti ilikuwa hai, ila haikuwa ikitengeneza udongo, na bila udongo hakuna mti mwingine ambao ungeota chini yake. Kisha akamwona jongoo mwenye miguu myekundu akizitafuna sindano zile. Jongoo wakaletwa kwa wingi na kuachiwa msituni. Walikula, wakatoa kinyesi, vijidudu vikaendelea na kazi, na polepole ikapatikana mboji. Juu ya mboji hiyo ndipo miti ya asili ilipoanza kupandwa, na mingine ikaletwa na ndege. Baadaye wakaja wanyama, yakachimbwa mabwawa ya samaki. Mwaka 1984 mahali pale palifunguliwa kwa wageni, na leo panaitwa Haller Park. Mwaka 1987 Haller alipewa tuzo ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Wengi wamepajua kwa sababu ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mzee aitwaye Mzee.

Mjukuu wa Bibi alikwenda Mombasa na wazazi wake miaka miwili iliyopita, na siku ile ya wali wa nazi alimwonyesha Bibi picha katika simu. Twiga, ndege, mabwawa. Bibi alizipitisha picha kwa kidole bila kusema neno. Kisha akauliza, "Chini ya miti kuna nini?"

Hatukumwelewa. Akaeleza kwamba shambani Pemba baba yake, akitaka kujua kama kipande cha ardhi kimepumzika vya kutosha, hakutazama juu. Alipekua majani makavu kwa mguu, akachukua kiganja cha udongo, akaunusa. Mjukuu akatafuta, akapata picha moja aliyoipiga kwa bahati tu, jongoo juu ya majani yaliyooza nusu. Bibi akaikuza picha ile, akaitazama muda mrefu. "Basi," akasema. "Hapo kweli pamebadilika."

Bibi hajawahi kusoma habari za kazi ya Haller. Lakini kipimo chake na cha Haller ni kimoja: mti uliopandwa hauhesabiki sana, kinachohesabika ni kile kilichokuja au kilichoanza kufanya kazi bila kuamrishwa.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Je, Bamburi imerudi kama ilivyokuwa? Hapana. Kabla ya machimbo palikuwa na vichaka na misitu ya pwani juu ya matumbawe. Leo pana shimo lenye msitu, na twiga ambao hawakuwa wakiishi hapo. Ni mahali papya. Mkaguzi wa Marekani mwenye kipande chake cha kulinganisha angesita, na angekuwa na haki ya kusita. Katika chama chetu tuligawanyika juu ya hili. Wengine walisema kupona ni kurudi kama zamani. Wengine walisema mtu aliyevunjika mguu akapona akitembea kwa kuchechemea kidogo, bado amepona. Sisi wote tulikubaliana juu ya jambo moja: hatuwezi hata kuanza kubishana kama hakuna aliyeandika zamani palikuwaje.

Kijani kinachodanganya

Kuna kisa kingine cha Kenya ambacho lazima tukitaje, kwa sababu kinaonyesha hatari ya kupima kwa jicho. Katika miaka ya 1980 mti wa kigeni wenye miiba, Prosopis juliflora, ulipandwa Baringo ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Kenya wanauita mathenge. Kwa kipimo cha kijani ulifaulu kupita kiasi. Ulienea, ukafunga malisho na njia za maji. Mbuzi walikula maganda yake matamu mpaka meno yakaoza. Mwaka 2006 wafugaji wa Baringo walikwenda mahakamani Nairobi, na miongoni mwa ushahidi wao walimpeleka mbuzi asiye na meno.

Tulicheka tuliposoma, kisha tukanyamaza. Mbuzi yule alikuwa mkaguzi. Alikuwa ndani ya ardhi ile kila siku, na kinywa chake kilikuwa na taarifa ambayo picha ya kutoka angani isingeweza kuitoa. Mti huo huo upo Oman pia. Kwetu huitwa ghuwaif, na ni ndugu wa ghaf, mti wetu wa asili. Kwa mbali, mtu asiyejua anaweza kuwachanganya. Mchungaji hawachanganyi.

Kwetu Sharqiyah

Turudi sasa kwenye bonde la makaa. Tuseme siku moja litachimbwa, kwa makaa au kwa kitu kingine, maana mawe na kokoto vinachimbwa kila siku. Tutapimaje?

Kwanza, tusitafute bustani. Mvua yetu ni kama milimita 100 kwa mwaka, na miaka mingine haifiki. Ardhi yetu iliyo nzima haikufunikwa na majani. Ina samur mmoja hapa, mwingine kule, nyasi zinazotoka baada ya mvua na kupotea, na mawe mengi. Kwa hiyo, kama kulinganisha ndiyo njia ya haki, ardhi iliyopona Sharqiyah itaonekana kwa mgeni kama ardhi tupu. Ikionekana kama bustani, kuna mpira wa maji mahali. Hili lilikuwa gumu kwa baadhi yetu kulikubali, kwa sababu tumezoea kwamba kijani ni baraka. Ni baraka, lakini katika shamba la falaji, ambako kuna mtu wa zamu na maji ya kudumu. Nizwa wana Falaj Daris, ulio katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Hakuna anayedai kwamba mitende yake inajiotea.

Pili, kipande cha kulinganisha tunacho. Katika wilaya hiyo hiyo ya Al Kamil wal Wafi ipo hifadhi ya As Saleel, iliyotangazwa mwaka 1997, yenye misamur na paa wa Arabuni. Kando ya mchanga wa Sharqiyah kuna misitu ya ghaf, ambayo wataalamu wa safari ya utafiti ya Royal Geographical Society waliichunguza mwaka 1985 na 1986. Hivyo rekodi ya kisayansi ipo. Isiyokuwapo ni ya wazee: mti gani ulikuwa wapi, bonde gani lilikuwa na asali, mbuzi walipelekwa wapi mwaka wa ukame.

Tatu, muda. Miaka 10 ya sheria ya Marekani ni mingi kwa nyasi, lakini ni michache kwa ghaf, ambao huanza kwa kupeleka mizizi chini sana kabla ya kujitanua juu. Tungependekeza hesabu ya kasa: tusiseme tumefaulu mpaka miche iliyozaliwa na miti iliyopandwa nayo imesimama peke yake. Yaani kizazi cha pili.

Nne, wakaguzi. Mwenye kamba awepo, na tunaheshimu kamba yake. Lakini pembeni yake awepo mchungaji, mfuga nyuki, na mtu kama Bibi wa kuuliza chini ya miti kuna nini.

Baadhi ya walimu wetu walipoisoma rasimu ya makala hii walituuliza, kwa haki, kwa nini wanafunzi wa Kiswahili waandike juu ya mimea. Jibu letu ni kwamba wengi wetu tunatoka katika familia zilizopandwa upya. Zilitolewa Unguja na Pemba, zikaletwa katika ardhi ya mababu ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Watu wameandika mengi juu ya mafanikio yetu, na mengi ni kweli. Lakini Kiswahili chetu nacho kinahitaji swali la kizazi cha pili: je, kitajiotea, au kinaishi kwa mpira wa maji wa bibi zetu tu? Hatutalijibu hapa. Ila ndilo lililotufanya tusiweze kuliacha lile la ardhi.

Mwezi wa Novemba wanne kati yetu tulirudi pale barabarani na kamba ya mita 50. Tuliitandika kati ya mistari ya miti, tukatembea tukiandika ilichogusa. Iligusa damas, mipira ya maji, kokoto na mchanga. Tulitafuta mche wowote ambao haukupandwa na mtu, hatukuuona. Chini ya miti palikuwa na majani makavu, mazima kama yalivyoanguka.

Hatukuandika kwamba wameshindwa. Tuliandika tarehe, mahali, na kwamba maji bado yanakwenda. Daftari liko katika kabati la chama, rafu ya juu, na kamba imefungwa pamoja nalo. Sisi tutakuwa tumehitimu. Wanachama watakaotufuata tunawaomba wapite pale maji yakishafungwa, watandike kamba ile ile, na kabla ya kutazama juu wapekue kwanza kwa mguu.